Pombe na Maji Vinapochanganyika: Somo la Joto, Mvuke na Usalama kwa Wakazi wa Migori na Homa Bay

Ukipewa chupa mbili, moja ya maji safi na nyingine ya ethanoli, macho hayawezi kuzitofautisha. Vimiminiko vyote viwili ni angavu na humiminika kwa urahisi, na vikitiwa katika chombo kimoja vinaungana bila kuacha mstari wowote kati yao. Hata hivyo, mchanganyiko huo una tabia zake. Hupungua ujazo bila mtu kuugusa, hupata joto bila kuwekwa jikoni, na huchemka kwa kiwango cha joto ambacho si cha maji wala si cha pombe.

Tabia hizi hufundishwa katika kemia na fizikia ya shule za sekondari, lakini zinawagusa watu wengi nje ya darasa. Katika Kaunti za Migori na Homa Bay miwa hulimwa kwa wingi, kuanzia mashamba yanayozunguka kiwanda cha SONY huko Awendo hadi yale ya Ndhiwa. Molasi, ambayo ni masalio ya kutengeneza sukari, ndiyo malighafi kuu ya ethanoli viwandani. Vituo vya afya hutumia ethanoli kusafisha mikono na ngozi. Mabaa na maduka huuza vinywaji vikali. Kandokando ya mito, chang'aa bado hupikwa. Kila mmoja wa watu hawa hushughulika na mchanganyiko wa pombe na maji, na anayekosea kuuelewa anaweza kulipa kwa macho yake, ngozi yake au uhai wake.

Somo hili linaeleza tabia hizo hatua kwa hatua, kisha linaonyesha zinavyohusika na usalama wa mwananchi.

1. Hamsini na hamsini hazifiki mia

Mwalimu wa kemia anaweza kuonyesha jambo hili kwa dakika chache. Anapima ml 50 za maji na ml 50 za ethanoli safi katika joto la nyuzi 20, kisha anazimimina pamoja. Mwanafunzi hutarajia kupata ml 100. Mchanganyiko ukishapoa, kipimo huonyesha karibu ml 96.5.

Hakuna kilichomwagika, na mizani inathibitisha hivyo. Mililita 50 za ethanoli zina uzito wa gramu 39.5 hivi, na ml 50 za maji zina gramu 49.9. Mchanganyiko wote una gramu 89.4. Uzito umebaki uleule. Kilichopungua ni nafasi.

Mafundi wa ujenzi wanaijua hali inayofanana na hii. Debe la kokoto likichanganywa na debe la mchanga halitoi madebe mawili kamili, kwa sababu mchanga huingia katika mianya iliyo kati ya kokoto. Molekuli za maji na za ethanoli nazo hujipanga kwa kubanana kuliko zilivyokuwa zikiwa peke yake. Mfano wa kokoto, hata hivyo, hauelezi kila kitu. Kokoto na mchanga havivutani, ilhali molekuli za maji na za ethanoli huvutana kwa nguvu kupitia vifungo vya haidrojeni. Zinapokaribiana na kushikana, hutoa nishati. Ndiyo maana mchanganyiko wa nusu kwa nusu huweza kupanda joto kwa nyuzi 6 au 7, na mwanafunzi aliyeshika chombo huhisi vuguvugu mkononi.

Jambo hili linahusu moja kwa moja wanaotayarisha dawa ya kusafisha mikono. Katika maelekezo ya Shirika la Afya Duniani, lita 1 ya dawa yenye ethanoli ya asilimia 80 hutengenezwa kwa ml 833.3 za ethanoli ya asilimia 96, ml 41.7 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na ml 14.5 za gliseroli ya asilimia 98. Maji hayakutajwa kwa mililita. Maelekezo yanasema maji yaliyochemshwa na kupozwa yaongezwe hadi mstari wa lita 1. Sababu ni kwamba mchanganyiko hupungua ujazo, kwa hiyo anayejumlisha mililita kwenye karatasi hapati lita kamili. Anayetaka kipimo sahihi husubiri mchanganyiko upoe ndipo ajaze hadi mstari, kwa maana kimiminiko chenye joto huwa kimetanuka.

Watunza ghala nao wana funzo hapa. Lita 500 za ethanoli safi zikichanganywa na lita 500 za maji, kitakachopatikana ni karibu lita 965. Lita 35 zinazokosekana hazikuibwa. Mkaguzi asiyejua hesabu hii anaweza kumshuku mfanyakazi mwaminifu. Kumbukumbu zinazoandikwa kwa kilo haziwezi kuleta utata huo.

2. Kwa nini maji huchemka mapema Homa Bay

Vitabu husema maji huchemka kwa nyuzi 100 na ethanoli kwa nyuzi 78. Takwimu hizo ni za usawa wa bahari, kama Mombasa. Kimiminiko huchemka pale msukumo wa mvuke wake unapolingana na msukumo wa hewa iliyo juu yake. Mahali palipoinuka hewa ni hafifu, kwa hiyo kimiminiko hakihitaji joto jingi kuushinda msukumo huo.

Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Homa Bay umekaa ufuoni, na sehemu nyingi za Migori ziko juu zaidi ya hapo. Ufuoni mwa ziwa, maji huchemka kwa nyuzi 96 hivi na ethanoli kwa nyuzi 75 hivi. Mwanafunzi wa Mbita au Rongo anayeona kipimajoto chake kimesimama kwenye nyuzi 96 huku maji yakitokota asikitupe kipimajoto hicho. Kinasema kweli.

3. Mchanganyiko hauna kiwango kimoja cha mchemko

Maji safi yakishaanza kuchemka, joto lake halipandi tena hadi yaishe. Mchanganyiko wa pombe na maji hauko hivyo. Kimiminiko chenye ethanoli ya asilimia 10 kwa ujazo, katika usawa wa bahari, huanza kuchemka karibu na nyuzi 92 au 93. Kadiri kinavyoendelea kuchemka, ethanoli hutangulia kuondoka, maji hubaki kwa wingi, na joto la chungu hupanda polepole kuelekea nyuzi 100.

Ethanoli hutangulia kwa sababu molekuli zake hukimbilia mvuke kwa urahisi kuliko za maji. Kugeuza kilo 1 ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,257 hivi za nishati. Kilo 1 ya ethanoli huhitaji takriban kilojuli 850 tu. Hata hivyo, na hapa ndipo wengi hupotoka, kutangulia si kuondoka peke yake. Mvuke wa kwanza kutoka kimiminiko cha asilimia 10 huwa na ethanoli nusu hivi, na sehemu iliyobaki ni mvuke wa maji. Vyote viwili hupanda pamoja. Tofauti ni uwiano tu.

Kazi ya kuchemsha, kukusanya mvuke na kuupoza uwe kimiminiko tena huitwa kukeneka. Mvuke wa nusu kwa nusu ukipozwa na kukenekwa upya, mvuke mpya huzidi asilimia 80. Ukirudiwa tena, hukaribia asilimia 90. Faida hupungua kila mara. Viwandani kazi hii haifanywi kwa kurudia vyungu bali kwa mnara mrefu wenye sahani nyingi, ambamo mvuke hupanda na kimiminiko hushuka, na kila sahani hufanya kazi ya chungu kimoja.

4. Ukuta wa asilimia 96

Mtu angedhani mnara ukirefushwa vya kutosha utatoa ethanoli tupu. Sivyo. Mchanganyiko unapofikia ethanoli ya asilimia 95.6 kwa uzito, mvuke wake huwa na uwiano uleule wa kimiminiko chenyewe. Hakuna kinachotangulia na hakuna kinachobaki nyuma. Mchanganyiko huo huchemka kwa nyuzi 78.2 kana kwamba ni kitu kimoja, na kiwango hicho kiko chini kidogo ya kile cha ethanoli safi. Wanakemia huuita azeotropu.

Chanzo cha ukuta huo ni molekuli zenyewe. Ethanoli ina upande unaopenda maji na upande unaofanana na mafuta, usioyapenda. Maji kidogo yanapokuwa yamezungukwa na ethanoli nyingi, hukosa wenzake wa kushikana nao vizuri, kwa hiyo hutoroka kwa urahisi kuliko ilivyo kawaida yake. Yanapoanza kutoroka kwa kasi ileile ya ethanoli, mtambo wa kukeneka hauna la kufanya.

Hii ndiyo sababu ethanoli inayouzwa kwa maabara na hospitali huandikwa asilimia 96, na si 100. Pia iliwahi kuwa suala la uchumi wa taifa. Katika miaka ya 1980 Kenya ilichanganya petroli na ethanoli iliyotengenezwa kwa molasi huko Muhoroni, katika ukanda wa miwa wa Nyanza. Petroli haivumilii maji. Maji yakizidi, hujitenga pamoja na ethanoli na kutulia chini ya tangi, na injini huvuta kisichowaka vizuri. Ethanoli ya kuchanganya na petroli lazima ivuke ukuta wa azeotropu. Viwanda huuvuka kwa kuongeza kimiminiko cha tatu kinachovuruga mwafaka huo, au kwa kupitisha mvuke katika punje zenye vitundu vidogo vinavyonasa maji na kuiacha ethanoli ipite.

5. Methanoli: imani tatu zinazoua

Ethanoli ina ndugu anayeitwa methanoli. Hutumika viwandani katika rangi, gundi, viyeyusho na nishati. Ni angavu kama ethanoli na harufu yake inakaribiana nayo. Ndani ya mwili, ini huigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki. Asidi hiyo hushambulia mshipa wa jicho na kuvuruga upumuaji wa seli. Kiasi cha ml 10 kinaweza kumpofusha mtu, na ml 30 zinaweza kumuua.

Kenya imezika watu wengi kwa sababu hii. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki Nairobi baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Mei 2014 makumi walifariki katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Februari 2024 zaidi ya watu 10 walifariki Kirinyaga. Katika mikasa ya namna hii, sumu kwa kawaida ni methanoli ya viwandani iliyoongezwa ili kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo. Nafaka na molasi zikichachushwa hutoa methanoli kidogo sana. Matunda, yenye pektini nyingi, hutoa zaidi kidogo.

Imani ya kwanza husema kwamba methanoli huchemka kwa nyuzi 64.7, kwa hiyo akimwaga matone ya kwanza mpishi ameondoa sumu yote. Imani hii inachukua kiwango cha mchemko cha methanoli ikiwa peke yake na kukitumia kwa methanoli iliyo ndani ya maji mengi. Sehemu ya tatu ya somo hili imeonyesha kwamba katika mchanganyiko vitu haviondoki kwa zamu. Zaidi ya hayo, methanoli hupendana na maji kuliko ethanoli inavyopendana nayo, maana upande wake unaofanana na mafuta ni mdogo. Katika kimiminiko chenye maji mengi, kwa kweli ni ethanoli inayotoroka kwa urahisi zaidi. Methanoli hutoka tangu mwanzo wa kukeneka hadi mwisho. Tone la kwanza likimwagwa, iliyobaki ingali ndani. Na iwapo methanoli imetiwa baada ya kupika, suala la tone la kwanza halipo kabisa.

Imani ya pili husema pombe ikiwashwa moto na kutoa mwali wa buluu, ni salama. Ethanoli na methanoli zote huwaka kwa mwali hafifu wa buluu, ambao mchana huonekana kwa shida. Mchanganyiko wa hizo mbili pamoja na maji huwaka vivyo hivyo. Jaribio hili hupima kitu kimoja tu, nacho ni kama kuna pombe ya kutosha kuwaka. Halijui ni pombe gani.

Imani ya tatu ni ya wafanyabiashara wenye vifaa. Wapo wanaosema kwamba hidromita ikionyesha asilimia 40, kinywaji ni halali na salama. Hidromita hupima jinsi kimiminiko kilivyo kizito kwa kila mililita. Ethanoli ina gramu 0.789 kwa ml 1, na methanoli gramu 0.792. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa kifaa cha dukani. Chupa ya kifo na chupa ya kawaida zitatoa usomaji mmoja.

Ulimi na pua haviaminiki pia. Methanoli hutambuliwa kwa uhakika katika maabara, ambako vijenzi vya kinywaji hutenganishwa na kupimwa kimoja kimoja. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi Kisumu inayohudumia ukanda huu.

6. Dalili na hatua ya kuchukua

Methanoli ni danganyifu. Saa za mwanzo mnywaji huonekana mlevi wa kawaida. Dalili nzito mara nyingi huja baada ya saa 12 hadi 24, wakati ini limekwisha kutengeneza asidi ya kutosha. Mgonjwa huumwa kichwa na tumbo, hutapika, hupumua haraka haraka, na huona ukungu au weupe mbele ya macho. Wengine huamka vipofu na kudhani ni uchovu wa pombe.

Mtu mwenye dalili hizi apelekwe hospitalini mara moja, asiachwe alale "pombe imtoke". Wenzake waliokunywa naye wapelekwe pia hata kama hawajisikii vibaya, kwa kuwa kuchelewa kwa dalili si ushahidi wa usalama. Chupa au mabaki ya kinywaji yachukuliwe na kukabidhiwa wahudumu wa afya. Hospitalini kuna tiba: dawa inayozuia ini kuigeuza methanoli, na usafishaji wa damu kwa mashine. Daktari anaweza pia kutumia ethanoli ya tiba kwa kipimo kinachosimamiwa kwa karibu. Hilo halimpi mtu yeyote ruhusa ya kumwongezea mgonjwa pombe nyumbani. Kufanya hivyo humpotezea saa anazozihitaji.

7. Moto unaosubiri cheche

Ethanoli yenyewe haiwaki ikiwa kimiminiko. Kinachowaka ni mvuke wake. Kila mchanganyiko una kiwango cha joto ambapo huanza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto cheche ikiusogelea. Viwango vya kukadiria ni hivi:

- Ethanoli ya asilimia 10: nyuzi 49 hivi
- Ethanoli ya asilimia 20: nyuzi 36 hivi
- Ethanoli ya asilimia 40: nyuzi 26 hivi
- Ethanoli ya asilimia 70 hadi 96: nyuzi 17 hivi

Mchana wa Homa Bay au Nyatike joto hufikia nyuzi 30 mara kwa mara. Maana yake ni kwamba dawa ya mikono, ethanoli ya kupikia na hata kinywaji kikali cha asilimia 40 vinaweza kushika moto hapo vilipo, bila kupashwa. Busaa haiwezi.

Mvuke wa ethanoli ni mzito kuliko hewa kwa mara 1.6. Huteremka, hutambaa sakafuni na kukusanyika pembeni. Jiko la mkaa lililo hatua kadhaa mbali linaweza kuuwasha, na moto ukarudi hadi kwenye chombo. Hii ndiyo hatari kubwa ya kuchemsha kimiminiko chenye pombe juu ya moto wa kuni: mvuke ukivuja kwenye kiungo kibovu, huteremka kuelekea motoni. Ikiwa mrija umeziba, mvuke hukosa pa kutokea na pipa hupasuka.

Jambo moja hutenganisha moto wa ethanoli na ule wa petroli au mafuta ya taa. Petroli huelea juu ya maji na kusambaa, kwa hiyo maji hueneza moto wake. Ethanoli huungana na maji. Lita 1 ya ethanoli ya asilimia 96 iliyomwagika ikichanganyika na lita 5 za maji hushuka hadi asilimia 16 hivi, na katika joto la kawaida haitoi tena mvuke wa kutosha kuwaka. Lakini maji machache hayatoshi: kuipunguza hadi asilimia 40 ni kuiacha iendelee kuwaka. Kwa chombo kidogo, njia bora ni kukifunika kwa mfuniko wa bati au blanketi lililolowa ili kukata hewa.

8. Kusoma hidromita mahali penye joto

Hidromita nyingi za pombe zimesanifiwa kwa nyuzi 20. Kimiminiko chenye joto zaidi hutanuka, huwa chepesi, na hidromita huzama zaidi na kuonyesha nguvu isiyokuwapo. Kwa vinywaji vya karibu asilimia 40, kosa ni takriban asilimia 1 kwa kila nyuzi 3 za joto. Kinywaji kinachosoma 43 au 44 kwenye meza yenye joto la nyuzi 30 huenda kikawa 40 kamili kikipozwa hadi nyuzi 20. Mkaguzi na mfanyabiashara wanaobishana juu ya namba wanapaswa kwanza kuangalia kipimajoto. Ni haki ya mfanyabiashara kutolaumiwa kwa joto la ziwa, na ni haki ya mteja kutouziwa joto kama pombe.

9. Sheria inasimama wapi

Sheria ya kupiga marufuku chang'aa ya mwaka 1980 ilifutwa na Sheria ya Kudhibiti Vinywaji vya Kileo ya 2010. Wengi walielewa kwamba chang'aa imehalalishwa jumla. Kilichohalalishwa ni kinywaji kinachotengenezwa na mwenye leseni na kinachofikia viwango vya ubora. Kinachopikwa bila leseni bado ni haramu, na kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18 ni kosa.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka utoaji wa leseni za pombe na huduma za afya katika kaunti chini ya serikali za kaunti. Ndiyo maana somo hili linawahusu wakazi na maafisa wa kaunti pia. Leseni si karatasi ya kukusanyia ada tu. Inamfanya mtengenezaji ajulikane, na kinywaji kinachojulikana kilikotoka kinaweza kupelekwa maabara kabla hakijafika mezani.

10. Maswali ya kujipima

Kuuliza si ujinga. Walimu, vikundi vya vijana na wahudumu wa afya ya jamii wanaweza kutumia maswali haya katika mijadala.

*Swali la 1.* Mfamasia anataka lita 1 ya ethanoli ya asilimia 70 kutoka ethanoli ya asilimia 96. Apime kiasi gani?
*Jibu.* 70 mara 1,000 gawanya kwa 96 ni ml 729. Kisha aongeze maji, asubiri mchanganyiko upoe, na ajaze hadi mstari wa lita 1. Maji atakayotumia yatazidi ml 271, kwa sababu ya kupungua ujazo.

*Swali la 2.* Kwa nini hakuna mnara wa kawaida wa kukeneka unaotoa ethanoli ya asilimia 100?
*Jibu.* Kwa sababu ya azeotropu. Katika asilimia 95.6 kwa uzito, mvuke na kimiminiko huwa na uwiano mmoja.

*Swali la 3.* Muuzaji anawasha kinywaji chake, kinatoa mwali wa buluu, na hidromita yake inasoma 40. Je, amethibitisha hakina methanoli?
*Jibu.* Hapana. Majaribio yote mawili hutoa majibu yaleyale kwa ethanoli na methanoli.

*Swali la 4.* Mhudumu amepaka dawa ya mikono na anataka kuwasha jiko. Afanye nini?
*Jibu.* Asugue mikono hadi ikauke kabisa. Ubaridi anaouhisi ni joto la ngozi linalochukuliwa na ethanoli inapogeuka mvuke. Ubaridi ukiisha na mikono ikiwa mikavu, mvuke umetawanyika.

Ya kukumbuka nyumbani

- Kumwaga matone ya kwanza, kuwasha moto, kunusa, kuonja na kupima kwa hidromita havigundui methanoli.
- Mtu anayeona ukungu baada ya kunywa pombe ni mgonjwa wa dharura, hata kama alikunywa jana. Waliokunywa naye wapelekwe hospitalini pamoja naye.
- Ethanoli na dawa ya mikono zihifadhiwe katika vyombo vilivyofungwa, vyenye maandishi, mbali na jiko na mbali na watoto. Zisiwekwe kamwe katika chupa za soda au maji ya kunywa.
- Jiko la ethanoli lisijazwe likiwa linawaka au lingali moto. Mwali wake mchana unaweza usionekane.
- Anayeshuku kinywaji kinachouzwa mtaani amweleze chifu, afisa wa afya ya umma au kituo cha afya kilicho karibu, na ahifadhi sampuli ikiwezekana.